Mkono Niliompa Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nawasalimu kwa mdomo tu. Mkono sitoi, na sababu mtaisikia sasa hivi.

Mimi ni muuza vitenge wa Koboko. Figo zangu zilikufa, ndivyo ilivyokuwa. Madaktari wa Arua waliniwekea mrija mwembamba tumboni. Mara nne kwa siku naunganisha mfuko wa maji ya dawa kwenye mrija. Maji yanaingia, yanakaa, yanatoka na uchafu ambao figo zingeutoa. Nafanya mwenyewe nyumbani. Nesi alinifundisha: funga dirisha, vaa barakoa, nawa mikono, kausha, kisha usiguse kitu kingine. Kitu chochote! Baba yangu alikuwa mwanajeshi, amri nimezizoea tangu utotoni. Miezi saba sikukosea.

Mchana mmoja nimeshanawa, nimeshatoa mfuko, mama mkwe akaingia kutoka Lurujo. Ametembea njia ndefu, jasho linamtoka. Akanyoosha mkono. Mnajua kwetu: mama wa mume akikunyooshea mkono ukauacha hewani, umemtukana yeye na ukoo mzima. Nikasema, "Mama, ngoja kidogo."

Akasema, "Kwani mkono yangu iko chafu?"

Aibu ikanishika. Nikampa mikono yote miwili, na goti nikapiga. Kisha nikaona haya kwenda kunawa tena mbele yake. Nikaunganisha mrija hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kesho yake maji yalitoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Homa ikapanda. Tumbo liliuma hata nikashindwa kunyoosha miguu. Huko Arua daktari hakunizungusha. Bakteria wameingia tumboni kupitia mrija, alisema. Dawa isiposhika, mrija utatolewa, na mashine ya kusafisha damu iko mbali, sina namna ya kuifikia kila wiki. Nilielewa. Nina watoto watatu, nikaanza kufikiria nani atamchukua yupi.

Sikulia. Nilisema, "Mungu wangu, niliona aibu mbele ya mtu, nikauchezea uhai ulionipa. Nisamehe. Nihurumie." Maombi yangu yote yalikuwa hayo. Nilikuwa naogopa sana.

Wakatia antibiotiki ndani ya mifuko, siku baada ya siku. Siku ya tano nesi aliweka mfuko uliotoka tumboni juu ya gazeti, akaniambia nisome. Nikasoma maandishi kupitia maji, bei ya mahindi, neno kwa neno! Haleluya! Mrija ulibaki, nami nikabaki.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama mkwe kila kitu. Nilitegemea ugomvi. Alitazama kiganja chake kwa muda, machozi yakamtoka. Akasema, "Ungeniambia tu, binti yangu. Mimi iko na masikio."

Tangu siku ile, saa ya mfuko ikifika akiwa kwangu, anakaa nje ya mlango na hakuna anayeingia. Mchungaji ni shahidi, alirudishwa mlangoni akiwa na Biblia yake mkononi.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu aliyeniponya. Nanyi wagonjwa, msione haya kuwaambia watu wenu ukweli, maana haya ilitaka kuniua. Leo ibada ikiisha mtapanga mstari wa kupeana mikono kama kawaida yetu. Mimi nitapita nikiwapungia. Atakayeudhika, mama mkwe wangu amekaa pale karibu na mlango, amwendee yeye.