Maganda Ndani ya Viatu vya Dada

Nauza kahawa kwenye benchi lililo nje ya kibanda cha kinyozi, na asubuhi ile sufuria yangu ilikuwa inanuka vitunguu. Fundi viatu alikuwa ameichukua bila hata kuniuliza, akachemshia maganda. Dada yake mkubwa ana saratani ya titi, na siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza dripu ya dawa hospitali. Fundi hakuwa amelala. Kulia kwake alikaa Kinyozi, anayejua kila kitu. Kushoto Breki, dereva mstaafu, anayejua zaidi. Mimi nilinuna.

— Fundi, hiyo ni sufuria ya kahawa, nikasema.

— Nivumilie. Kwenye maganda kuna vitu vinaitwa flavonoidi. Seli ya saratani ni mlafi wa sukari, haishibi. Hizi flavonoidi zinaifungia mlango wa sukari, inakufa njaa.

— Na seli nzuri, zenyewe hazili sukari? nikauliza.

— Hizo zina adabu, Kinyozi akadakia. Zitasubiri.

— Nani kasema?

— Redio. Nimeisikia mimi mwenyewe nikimnyoa mteja. Wataalamu walizimwagia seli flavonoidi kwenye kisahani, zikanywea.

Breki akaweka kikombe chini.

— Kisahani? Na nyie dada mmekuwa mnampa kwenye nini?

— Kikombe, Fundi akasema.

— Ndiyo maana haponi.

Fundi akashika kichwa. Wiki nzima, kikombe. Kisha akaniangalia mimi, nikajua kisahani changu kimeshakwenda.

— Seli ni injini, Breki akaendelea. Niliwahi kuendesha lori la vitunguu. Kila kilima lilizima. Fundi wa magari akalaumu pampu. Leo ndiyo najua, zilikuwa flavonoidi.

— Basi tumlaze dada juu ya magunia, Kinyozi akasema.

— Akilala juu yake, zinapanda au zinashuka? Fundi akauliza.

— Zinapanda. Harufu inapanda, sembuse dawa.

— Tatizo usingizi, akasema Breki. Akilala, seli nazo zinalala, na aliyelala hasikii njaa.

Walikuwa wanabishana nani atamzuia dada asilale, ndipo dada mwenyewe akatokea, mkoba begani, miguuni ndara za bafuni. Breki akampisha. Fundi akammiminia maji ya maganda kwenye kisahani, akampa kwa mikono miwili. Dada akanusa, akakiweka kwenye benchi.

— Mdogo wangu, viatu vyangu tayari?

Viatu vilikuwa chini ya benchi, soli zimeachama vilevile alivyovileta, ndani vimejaa maganda yanayokaushwa. Kinyozi akaanza kufuta mkasi uliokuwa safi. Breki akakohoa.

— Wiki nzima, mdogo wangu. Ulikuwa unafanya nini?

Fundi akainama. Sauti ilipotoka ilikuwa ya mtoto.

— Nilijisemea nikivishona, utakwenda huko hospitali. Naogopa, dada.

— Na mimi naogopa. Vua vyako.

Akavua. Dada akavivaa, akafunga kamba hadi mwisho, maana vilimpwaya. Kisha akamsogezea mdogo wake zile ndara kwa mguu.

— Vaa hizo, unisindikize. Na kitunguu uniletee jioni, niungie mchuzi.