Maisha ya Efrazia Wegesa, Mtunza Vitabu wa Gorong'a

Marehemu Efrazia Wegesa alizaliwa Nyarero tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa kwanza wa Mzee Simioni Marwa na Mama Mokami. Alibatizwa akiwa na miaka tisa, na ni kwenye mafundisho ya ubatizo alikojifunza kusoma. Tangu hapo hakuna maandishi yaliyompita salama. Sukari ikija imefungwa kwenye gazeti, ilibidi imwagwe kwanza kwenye bakuli ili Wegesa amalize habari. Siku moja ndama waliingia kwenye shamba la wimbi la jirani huku yeye, mchungaji wao, ameinamia kipande cha gazeti. Alichapwa, na alipomaliza kulia aliuliza kile kipande kimewekwa wapi.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1949, akaachishwa alipomaliza darasa la nne, mwaka 1952. Baba yake alisema ng'ombe wa mahari hawahesabiwi kwa madarasa. Marehemu alimheshimu baba yake mpaka alipomzika, lakini jambo hili hakulisamehe, na familia haioni sababu ya kulificha leo.

Mwaka 1957 aliolewa na Ndugu Benedicto Nyangwine wa Gorong'a, na ndoa ikabarikiwa kanisani mwaka 1960. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wote walijua kusoma kabla ya kuanza shule, maana mama yao aliandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na ugali haukupakuliwa mpaka ukuta usomwe.

Watu walipohamia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, kampeni ya kisomo ilileta sanduku la vitabu, na Efrazia akachaguliwa kuitunza maktaba. Hapo ndipo shida zake zilipoanza. Wazee walivipenda vitabu kuliko alivyotarajia: karatasi zake zilikuwa nyembamba, zinakunja tumbaku vizuri. Na kwa kuwa mhuri wa wilaya ulipigwa ukurasa wa mbele, walichana kuanzia nyuma. Mkaguzi akija, anakuta mihuri yote ipo, anaandika kwamba maktaba inaendelea vizuri. Watoto wakifika penye utamu, hadithi imekatika.

Mchanaji mkuu alikuwa baba mkwe wake, Mzee Nyangwine, ambaye yupo hapa na amekubali hili lisemwe. Mkamwana wa Kikurya hamkaripii baba mkwe. Hata kukaa naye uso kwa uso hawezi. Kwa hiyo Efrazia alimtuma binti yake, Agustina, akamsomee babu yake hadithi moja, akitumaini kwamba atakionea kitabu huruma. Mzee alisikiliza mpaka akasahau tumbaku yake. Kisha Agustina akafunga kitabu.

"Soma basi," Mzee akasema.

"Kurasa zimeisha, babu."

"Zimeisha vipi? Yule mwanamke alifika kwao au hakufika?"

"Hapo ulishapavuta."

"Muulize mama yako. Yeye alikisoma."

Efrazia alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Akausimulia mwisho wote akiwa hukohuko, na hilo likawa kosa. Habari zilienea kwamba miisho yote imo kichwani mwa mke wa Benedicto, kwa hiyo kurasa hazina kazi tena. Watu wakachana bila hata aibu. Alilalamika kwenye mkutano wa kijiji, akajibiwa kwamba kitabu si ng'ombe. Siku hiyo alirudi nyumbani akalia kwa hasira.

Akaapa kutomsimulia mtu mzima tena. Mwisho wa hadithi aliupata mtoto tu, tena yule aliyesoma mwenyewe mpaka pale palipochanwa. Wazazi walimjia juu kwamba watoto wanaacha mifugo. Wengine waliwakataza watoto wao kabisa kukanyaga maktaba. Yeye hakurudi nyuma.

Mwezi Agosti 1979 aliugua uvimbe wa tumbo. Alilazwa hospitali mara mbili, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Watoto walimfuata kitandani na vitabu vyao. Aliwapa miisho kwa sauti ya chini, anapumzika, anaendelea. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 1980, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mume, watoto wanne, Agustina, Tomaso, Mogesi na Verdiana, wajukuu wawili, mama yake mzazi na wadogo zake sita. Ameacha pia sanduku la vitabu ambamo hakuna hata kimoja kilicho kizima.

Tangu jana wazee wanaulizana hapa msibani ni nani sasa anayeijua miisho ile. Wanaijua watoto. Kila mmoja akamuulize wa kwake, kama alimruhusu asome mpaka akafika pale palipochanwa.

Apumzike Efrazia, kwa amani ambayo sisi hatukumpa.