Mama Mafuta na Chai ya Rangi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara ya kiwanda chetu cha maziwa anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Tulitaka kuandika kwa bashasha. Tumejaribu, lakini kalamu inagoma.

Kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa kuwa kazi yake ni kupima mafuta ya maziwa, sote tunamwita Mama Mafuta. Jina hilo lilimletea kisanga siku dereva mgeni alipoulizia mafuta getini, akaelekezwa maabara, akaingia na dumu akitaka dizeli. Mama alimpa kikombe cha krimu, akamwambia hiyo ndiyo aliyo nayo.

Zamani, kila kiangazi siagi yetu ilikuwa ngumu, inachana mkate badala ya kupakika. Wateja walilalamika, na lawama zote zikamwangukia fundi wa mitambo. Mama Mafuta ndiye aliyemwokoa. Alionyesha kwamba mtambo hauna kosa. Ng'ombe ndio waliobadilishiwa chakula. Wakila majani mabichi, mafuta ya maziwa yao huwa laini na ya manjano. Wakilishwa nyasi kavu na pumba, hukakamaa. Fundi alimshukuru kama mtu aliyetolewa rumande. Dawa ikawa mashudu ya alizeti, yale makapi yenye mafuta yanayobaki mbegu zikikamuliwa, kwa kiasi, msimu wa ukame, na siagi ikalainika.

Hapo ndipo furaha inapotuishia. Katika mkutano wa wafugaji, Mama alieleza kwamba mafuta ya chakula hubadilisha mafuta ya maziwa. Kaka yake wa tumbo moja, mfugaji naye, alikaa mstari wa mbele akijivunia mdogo wake. Yeye alielewa kwamba mafuta yakizidi horini, yatazidi na kwenye kopo. Akarudi nyumbani, akamimina mafuta ya kupikia juu ya pumba bila kipimo. Tumbo la ng'ombe halitaki hivyo. Mafuta yakizidi mno, tumbo huvurugika, na mafuta ya kwenye maziwa hupungua.

Wiki hiyo Mama alikuwa safarini kikazi. Msimamizi wa mapokezi ya maziwa aliona kipimo cha mafuta cha maziwa ya kaka kimeshuka, akaamua kwamba ametia maji, akamrudisha na makopo yake mbele ya majirani waliopanga foleni. Mama aliporudi alipima sampuli iliyobaki kwenye friji, asikute hata tone la maji. Kiwanda kikaomba radhi. Lakini kaka alikwisha kuuza ng'ombe wote kwa aibu.

Tangu hapo Mama hakulitamka tena neno "mafuta" mbele ya wafugaji. Alisema "alichokula ng'ombe" na "alichotoa ng'ombe", mpaka mkutano ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Mara moja tu, akiosha chupa za vipimo, alituambia: "Mimi nilisema mafuta mawili. Kaka alisikia moja."

Kaka mwenyewe hamnunii. Mama akimtembelea Jumapili, humkaribisha, huulizia watoto, kisha humtengea chai ya rangi. Nyumba iliyokuwa na maziwa ya kumwaga haina tena hata ya kutia kwenye chai. Mama huinywa yote, hushukuru, na Jumatatu hurudi kazini akiwa mnyonge. Inatuuma kwamba hatukuweza kumsaidia.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, tukitarajia kusikia kochi au saa ya ukutani, alitaja mtamba, ng'ombe jike mwenye mimba ya kwanza. Tumempata. Amefungwa nyuma ya maabara, na tayari amekwisha kula maua ya meneja. Jumamosi Mama atampeleka kwa kaka yake. Hatujui kama atapokelewa. Mama naye hajui, na wiki nzima amekuwa akipima sampuli ileile mara mbili.

Asante, Mama, kwa kila kipimo na kwa uvumilivu wako kwetu. Uwe na ustaafu wenye afya na utulivu. Na mtamba atakapozaa, tunakuombea kikombe kimoja tu cha chai ya maziwa, kutoka mkononi mwa kaka yako.