Kabila la Mjukuu wa Khelef

Mbele ya duka la fundi kanzu lililofungwa, katika mji wa Mudhaibi, kuna benchi la saruji lililojengwa kwa ajili ya watu wanaongoja basi. Basi halipiti. Kila siku baada ya Alasiri hukaa hapo wanaume wanne waliostaafu, waliokuja Oman na Kiswahili midomoni mwao, na ambao watoto wao hawawezi kukisema bila ya kukivunja. Khelef, mzaliwa wa Unguja, ndiye mwenye kahawa. Huileta na dala, birika la Kiarabu, kutoka kwake anakokaa na mkewe Fakhriya, mwisho wa kichochoro. Nabhan wanamwita Redio, kwa sababu husimulia kila video anayotumiwa kabla haijamalizika. Muatasim ni Kadhi, kwa fatwa zake, ingawa kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme. Saud anaitwa Bujumbura, kwa kuwa ndiko alikozaliwa. Siku hiyo jambo lilikuwa moja. Muadh, mtoto wa Khelef, mhandisi huko Ohaio, Marekani, ameoa Myahudi wa huko anayeitwa Talia, na wamepata mtoto wa kiume. Mtoto atatahiriwa leo sebuleni kwa wakwe, na Muadh amemwomba baba yake ahudhurie kwa simu ya video. Khelef hajazungumza na mwanawe tangu harusi. Simu ilikuwa benchini, baina ya dala na sahani ya tende.

Redio: Usipokee. Nakwambia mapema, yakhe, usipokee.

Khelef: Sijasema nitapokea.

Redio: Umeitazama mara ngapi tangu tukae? Hata kahawa hunywi.

Kadhi: Tusikurupuke. Tuanze na ndoa. Ndoa ni halali. Mwanamke wa Ahlul Kitabi, watu wa Kitabu, khalas, hapo hapana mjadala.

Bujumbura: Kama halali, mbona hatukwenda harusini?

Kadhi: Halali ni kitu kimoja. Kwenda ni kitu kingine.

Benchini hapo maneno ya namna hiyo huhesabiwa kuwa elimu. Bujumbura akatikisa kichwa kama aliyefundishwa. Khelef akasema Muadh ametuma sauti asubuhi, akaichezesha bila ya kuombwa. Alijua pa kuisimamisha na pa kuirudisha, kwa hiyo haikuwa mara ya kwanza kuisikiliza.

"Baba, shikamoo. Mtoto iko sawa, Talia iko sawa. Nimemuadhinia mimi mwenyewe hospitali. Mama amechinja akika ya mtoto huko, Mungu amuweke. Leo ni siku ya nane, kwao ndiyo siku ya kutahiri. Daktari anakuja nyumbani, daktari mwanamke, ana kibali cha dini yao. Na rabi wao pia mwanamke, atasoma dua. Baba, usiogope hawa watu. Ijumaa usiku mama yake Talia anawasha mishumaa, baba yake anasoma dua, tunakula. Jumamosi wao wanakwenda sinagogi na gari. Ami yake Talia anakwenda na miguu, hata theluji ikianguka, kwa sababu kwake kuendesha gari Jumamosi haramu. Huyo hali chakula cha kwa ndugu yake, kwake si halali, anakuja na sahani yake. Na babu yake Talia haamini kitu chochote, lakini siku ya funga yao kubwa hanywi hata maji, na ukinywa wewe anakasirika. Wanabishana kila wiki, halafu wanagawana chakula kilichobaki. Wanabishana kama nyinyi baraza, Baba, lakini wao wamesoma. Nitapiga baada ya Alasiri yenu. Pokea, Baba."

Kadhi: Akika? Akika gani?

Khelef: Fakhriya alinambia sadaka.

Bujumbura: Ile nyama ya jana? Mie nilikula mbavu.

Redio: Mie nilichukua na mchuzi wa kupeleka nyumbani.

Kadhi alifikiri kidogo. Na yeye alikula.

Kadhi: Akika ni wajibu wa baba, na baba ni Mwislamu. Nyama halali.

Redio: Tuache nyama. Mmesikia rabi mwanamke? Mimi nina video, wanaeleza yote. Wanabadilisha kila kitu makusudi, ili usijue nani ni nani. Mmoja anatembea, mmoja anaendesha, mmoja haamini. Ukimtafuta Myahudi mwenyewe humpati!

Khelef: Wote ni Wayahudi, Nabhan. Ni nyumba moja.

Redio: Ndiyo hapo sasa!

Bujumbura: Mie ananishangaza huyo babu. Haamini, anafunga. Anamfungia nani? Hiyo ni programu, bwana. Amepangiwa.

Khelef: Anafunga kwa sababu mama yake alikuwa akifunga. Muadh aliniambia katika sauti nyingine.

Bujumbura: Sauti nyingine? Kwani ziko ngapi?

Khelef akajaza finjani ambayo haikuwa tupu.

Kadhi: Hiyo si ibada. Kufunga bila ya kuamini ni mila tu.

Bujumbura: Sasa wewe Ramadhani, na sukari yako? Daktari kakukataza, wewe ukafunga, ukaanguka msikitini tukakubeba. Nilikuuliza kwa nini, ukasema jirani wanakuangalia.

Kadhi: Mimi naamini!

Bujumbura: Sijasema huamini. Nasema na babu wa watu naye ana jirani.

Kadhi hakupenda mambo yaende huko. Akakaa sawa, akavuta kanzu magotini, akatangaza kwamba suala si funga, suala ni kabila. Kwa Wayahudi mtoto humfuata mama. Kwa Waislamu humfuata baba. Kwa hiyo huyu mtoto kisheria ni watu wawili.

Khelef: Hata wao hawakubaliani. Ami yake anayetembea anasema mama tu, hakuna mwingine. Sinagogi ya kina Talia inasema hata baba peke yake anatosha, mradi mtoto alelewe kwao.

Redio: Basi kazingirwa! Huku mama, huku baba, atokee wapi? Na mie nakwambieni atatokea wapi. Atatokea hapa. Miaka ishirini ijayo atateremka Maskati na pasipoti yake ya Marekani na wakili wake. Atasema, mimi ni mjukuu wa Khelef, nataka shamba la babu.

Bujumbura: Shamba lenyewe mitende kumi.

Redio: Halianzi shamba, yanaanza maji! Mwenye shamba ana fungu la maji kwenye falaji. Mwenye fungu ana sauti. Leo fungu moja, kesho anamnunua jirani, keshokutwa falaji yote imo mkononi mwake. Mudhaibi imekwisha hiyo.

Falaji anayoisema Redio, mfereji wa zamani wa kugawia mashamba maji, ina mchanga na makopo ya soda. Mitende ya Khelef inanyweshwa na lori la maji, likija.

Bujumbura: Mie naunga mkono. Muadh si alisema, kabla hata ya harusi, kwamba wakwe zake kila mwaka wanajenga kibanda uani? Wanakiezeka matawi, wanaacha nafasi waone nyota, wanakula humo wiki nzima. Watu wana nyumba ya ghorofa na garaji, wanakula bandani! Kwa nini? Wanajizoeza maisha ya huku.

Khelef: Ni sikukuu, Saud. Wanakumbuka jangwani walikopita mababu zao.

Bujumbura: Jangwa lipi? Si ndilo hili?

Kadhi: Mimi naona mbali zaidi. Huyu atasoma sheria za kwao, kwa mama. Atasoma sheria za kwetu, kwa baba. Atakuwa na elimu mbili. Nani atamshinda? Atakuja atukalie hapa hapa, atufundishe dini.

Alipolisema hilo uso ulimbadilika. Kati ya hatari zote zilizotajwa jioni ile, hii ya kupoteza nafasi yake benchini ndiyo pekee aliyoiogopa kweli.

Khelef: Ngojeni. Muatasim, kwa sheria yao mtoto anamfuata mama?

Kadhi: Ndiyo.

Khelef: Na wewe mama yako alikuwa nani?

Kadhi: Alikuwa mke wa baba yangu.

Khelef: Kabila lake.

Kadhi: Khelef, usilete mambo ya ovyo.

Khelef: Mnyamwezi wa Tabora, Mungu amrehemu, na mkate wa ufuta wake nimekula. Wako, Saud?

Bujumbura: Mie sifichi. Mrundi wa Rumonge.

Khelef: Na wangu Mngazija. Mngetumia sheria hiyo hapa, hapana Mwarabu hata mmoja benchini.

Redio: Mama yangu mimi katoka Adam! Adam mji huu huu wa Oman, wa barabara ya Salala!

Khelef: Na mama yake mama?

Redio akamwaga kahawa chini, akasema imepoa.

Jambo hilo hawalizungumzi. Kila mmoja wao huko alikotoka aliitwa Mwarabu, na siku ya kwanza kazini Oman aliitwa Zinjibari, hata yule ambaye hakuwahi kufika Zanzibar. Wamekaa miaka na majina hayo mawili, na sasa walikuwa wakimwonea huruma mtoto wa Ohaio kwa kuwa na mawili.

Simu ikaita.

Kwenye kioo ikatoka picha ya Muadh ya zamani, amevaa kanzu ya sikukuu, hana ndevu. Wote wanne waliitazama. Lori lililopakia ng'ombe likapita barabarani na simu ilikuwa bado inaita.

Kadhi: Uamuzi ni wako, Sheikh.

Redio: Wako, lakini watu watasema. Leo hii hii Mudhaibi nzima itajua.

Bujumbura: Itajua kwa nani? Si kwako?

Khelef alinyoosha mkono. Mkono ulifika kwenye simu ukakaa hapo. Kisha akaigeuza kifudifudi. Ikaendelea kutetemeka juu ya saruji, ikaisukuma sahani ya tende, mpaka ikanyamaza.

Redio: Rijali! Hilo ndilo la kiume. Mpeni kahawa.

Kadhi: Umehifadhi heshima.

Wakampa kahawa yake mwenyewe. Redio akaanza kueleza jinsi alivyowahi kukataa simu ya waziri mmoja, habari ambayo kila mwaka waziri wake huwa mwingine. Kadhi akarudi kwenye daktari mwanamke, kama kisu chake kinabatilisha tohara au kinaipunguza tu. Akasema kinaipunguza. Bujumbura akataka kujua inapungua kiasi gani, na tohara iliyopunguka inaonekanaje. Kila mara mkono wa Khelef ulikwenda kwenye simu, ukarudi.

Hapo akatokea kichochoroni Tamim, mfamasia kijana aliyehamia mtaani mwezi huu na ambaye bado anasalimia kila mtu.

— Assalamu alaikum. Shikamoo, ami Khelef. Mabruk, mabruk, hongera sana!

— Marahaba. Mabruk ya nini? akauliza Khelef.

— Nimetoka kwako sasa hivi. Nimempelekea mama Fakhriya dawa yake ya presha. Wallahi nyumba imejaa wanawake, hata pa kuweka viatu hapana. Wamefungulia Marekani kwenye televisheni. Vigelegele mpaka nje! Mimi sikuingia, dawa nimeipitisha mlangoni, nikapewa halwa.

— Kwangu?

— Kwako, ami.

— Fakhriya alinambia ana wageni wa kahawa.

— Na kahawa ipo. Wanasema mjukuu katahiriwa na katajwa jina. Anaitwa nani?

Tamim alikuwa anatabasamu, anangoja. Akamtazama Khelef. Akamtazama Redio, ambaye siku zote hujibu kabla ya mwenye habari. Redio alikuwa akitazama barabara. Kadhi alikuwa akihangaika na kokwa ya tende.

— Hawakuwa wamelitaja, akasema Khelef. Kwao jina halisemwi mpaka siku hiyo.

— Si ndiyo leo?

Khelef akaigeuza simu, akampigia mkewe. Fakhriya alichelewa kupokea. Nyuma yake palikuwa na kelele za wanawake, kwa hiyo naye alipaza sauti, na benchi zima likamsikia.

— Jina nani? akauliza Khelef.

— Jina la nani?

— La mtoto, Fakhriya.

— Si ulipigiwa?

— Nakuuliza...

— Ulipigiwa, Khelef. Walikuwekea kiti. Mwanao kaweka simu juu ya kiti, kati ya mababu, ili uonekane umekaa nao. Babu wa yule msichana, mzee wa watu, kampakata mtoto, akawaambia mngojeni na babu mwingine. Wakangoja. Daktari keshavaa glovu, wanangoja. Mtoto analia, wanangoja. Mie natizama kwenye televisheni, na wanawake wote wa mtaa wanatizama kiti chako, simu inaita haipokelewi.

— Fakhriya, jina.

— Kawaulize hao wenzako wa benchi. Si wao wanaojua kila kitu?

Ikakatika.

Khelef akampigia Muadh. Iliita mpaka ikanyamaza yenyewe. Akapiga tena, haikupokelewa. Akainuka, akatafuta ndara zake kwa miguu, akavaa moja ya Kadhi bila ya kujua.

Kadhi: Khelef, kaa. Mambo haya hayataki haraka. Jina lenyewe tutaliangalia, kama linafaa au...

Khelef alikwisha ondoka. Dala aliiacha. Walimfuata kwa macho mpaka mwisho wa kichochoro, anatembea huku simu imo sikioni, mguu mmoja ndara yake na mmoja ya mtu. Alipofika kwake hakuingia. Ndani kulikuwa na wake za watu, na mwanaume haingii ghafla kwenye wake za watu, hata nyumba ikiwa yake. Akabisha hodi. Akasogea pembeni ya mlango, akauangalia ukuta, kama desturi inavyotaka, akangoja.

Hawakumfungulia upesi. Walikuwa wanapiga vigelegele tena, na wote waliomo ndani, hata watoto wa jirani, walikuwa wanamwita mjukuu wake kwa jina lake.