Mtoto Asiyeitika

Benchi letu liko kando ya stendi ya bodaboda pale Ekerenyo, ambapo Abdirahim huuza kahawa kila asubuhi. Hapo huamuliwa mambo yote ya dunia. Duke wa bodaboda tunamwita Breki, kwa sababu hana. Nehemiah, aliyesoma chuo akakiacha katikati, ndiye Profesa. Mzee Thadeus, karani mstaafu, hana jina la utani, yeye tunamheshimu.

Jumanne ile Breki alifika akaketi, kikombe akakikataa. Alikuwa ametoka kupeleka unga kwa Mzee Thadeus.

— Nimemwona Omwenga, mjukuu wa mzee, akasema. Amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Kama ndama.

Mtoto mwenyewe tulimjua kwa mbali: miaka minne, hasemi, ukimwita hageuki, anapunga vidole mbele ya macho. Mama yake, Celestine, anafanya kazi Nairobi.

Mshtuko ulipopungua tukaanza kueleza tusichokijua. Profesa akasema ni simu: mama alinyonyesha macho yakiwa kwenye skrini, mtoto akakosa netiweki. Breki alikuwa amesikia ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kikatwe tu. Mimi nikataja jicho baya la watu. Profesa akarudi na mawimbi ya mnara wa simu, ati huingia masikioni mwa waliozaliwa msimu wa mvua. Hata Breki akamtazama.

Mzee Thadeus alipofika, Breki alimuuliza waziwazi. Hakukana. Alieleza polepole kwamba mtoto hukimbilia barabarani, lori la majani chai lilibaki kidogo limkanyage, na kwa magoti yake ya uzee hawezi tena kumkimbilia.

Profesa akamtetea.

— Samaki mkunje angali mbichi, mzee.

— Huyo si samaki, ikasema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Anisa, dada yake Abdirahim, aliyehamia juzi kutoka Kisii mjini. Aliketi pembeni ya benchi. Alisimulia kwamba bintiye alikuwa hivyohivyo, hadi daktari mmoja alipokaa akimtazama akicheza, akauliza maswali mengi, akasema ni usonji, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtoto awasiliane kwa njia yake. Binti hakudungwa sindano wala kukatwa kitu. Alifundishwa kwa michezo na picha, polepole, na sasa ana miaka saba na huomba maji kwa kinywa chake.

Mzee akauliza kama usonji hupona. Anisa akasema si homa ya kupita. Mtoto husaidiwa, na akiwahiwa ni bora zaidi. Kisha akauliza yeye:

— Omwenga anapenda nini, mzee?

Mzee Thadeus akatutazama. Sisi tuliokuwa na majibu yote tukaangalia ndani ya vikombe.

— Sijui, akasema. Nalala naye chumba kimoja, na sijui.

Akainuka. Breki akampakia pamoja na Anisa, akawapeleka nyumbani kwa mzee.

Baadaye Breki alitusimulia. Mzee na Anisa walifungua fundo la kamba pamoja. Walifunga lango, wakamwachia mtoto uwanja. Hakukimbia. Alichuchumaa kwenye beseni la maji, akachota kwa kikombe, akamwaga, akachota tena, huku akicheka peke yake. Mzee alipiga simu Nairobi, akamwambia Celestine aje wampeleke hospitali. Halafu, na koti lake la heshima, akaketi chini kwenye tope kando ya mjukuu wake, akachukua kikombe cha pili.