Maisha ya Mwalimu Mbona, Aliyefundisha Uraia

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye madawati yake, tumekuja kumsindikiza dada, mama na mwalimu. Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mshona viatu na mkunga, katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa. Alimkodolea macho kila aliyekuwamo chumbani, kama mtu anayetaka kujua kwanza nani kamwita.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Akiwa darasa la nne alirudishwa nyumbani kwa kosa la kuuliza kwa nini mwalimu mkuu anaitwa mkuu. Baba yake alimrudisha kesho yake, amemshika mkono, akamwambia mwalimu, "Mtoto kauliza tu. Ukimjibu, atanyamaza." Alijibiwa, na hakunyamaza. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akaingia chuo cha ualimu, na Novemba 1971 akahitimu kufundisha Historia na Uraia.

Yeye na mumewe, fundi redio, walikutanishwa na kutoaminiana. Mwaka 1974 alipeleka redio yake kutengenezwa, akaambiwa aiache arudi kesho. Akavuta kiti akaketi.

"Dada, utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka niisikie ikizungumza. Nasikia mafundi mnatoa vipuri vizima mnatia vibovu."

Fundi alicheka, akampangia kila kipuri mezani akione. Juma lililofuata redio ikaharibika tena, na hadi leo shemeji hajasema kama ile ilikuwa bahati au ujanja. Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976. Aliyesimama na bibi harusi siku hiyo ni shoga yake wa chanda na pete, mwalimu wa Jiografia waliyefundisha naye shule moja na kuishi naye nyumba jirani.

Jina la Mwalimu Mbona alipewa na wanafunzi, kwa sababu kwake swali zuri lilipata maksi kama jibu zuri. Mwaka 1983 alikuwa akifundisha kidato cha pili mada ya serikali na raia. Kitabu kilisema viongozi huchaguliwa na watu. Mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona kiranja wetu anateuliwa na mkuu wa shule?"

Marehemu aliona swali lile si la kufutwa pamoja na ubao. Jioni alimweleza shoga yake, jikoni, alichokusudia kufanya, wakacheka mpaka chai ikapoa. Juma lililofuata darasa lilipiga kura kwa vikaratasi, ndani ya ndoo ya kudekia, na kura zikahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Akashinda binti mmoja mpole wa mshona nguo, akambwaga mpwa wa mkuu wa shule.

Siku chache baadaye mgeni aliketi dawati la nyuma. Alivaa suti ya kaunda, na viatu vyake viling'aa kama havijawahi kukanyaga vumbi la shule. Alisema ametoka idara ya elimu. Hakuwa na hata kalamu.

"Mwalimu, huyu naye ni raia?" mtoto mmoja akauliza.

"Muulize mwenyewe."

"Shikamoo mzee. Nani kakuchagua uje hapa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mgeni hakucheka. Alipotoka alimwinamia marehemu mlangoni, akasema taratibu, "Punguzeni kucheka jikoni, Mwalimu."

Muhula haukuisha kabla hajahamishiwa shule ya mbali, bila kuelezwa sababu. Uhamisho haukumuumiza kama lile neno "jikoni". Jikoni walikuwa wawili tu. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, akafunga mizigo na kuondoka bila kumuaga shoga yake. Salamu alizotumiwa siku za mwanzo hakuzirudisha. Huko alikohamia alizoea kufunga dirisha kabla ya kufungua mdomo, na mgeni akibisha hodi alimchungulia viatu kwanza. Lakini Uraia hakuacha kuufundisha, na kila darasa lake lilimchagua kiranja wake.

Siku moja mumewe alichoka. "Mke wangu, kila mwaka unawaambia watoto wa watu kwamba mtu hahukumiwi bila kusikilizwa. Shoga yako ulimsikiliza lini?" Siku hiyo walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Mwaka uliofuata alipanda basi mwenyewe, akaenda kubisha hodi kwa shoga yake. Mlango ulifunguliwa nusu, na neno "karibu" halikutamkwa.

"Sikuja kukushitaki," akasema marehemu. "Nimekuja kukuuliza. Ni wewe?"

Shoga yake akajibu, "Mimi nilihamishwa mwezi mmoja baada yako. Yule bwana aliniambia, 'Mwenzako kashasema yote.' Miaka yote hii nakungoja wewe uje ukiri."

Wakabaki mlangoni wanapimana kwa macho. Hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumsafisha mwenzake, wala wa kujisafisha. Marehemu alitusimulia kwamba hapo ilimbidi aamue kuamini tu, na kwamba katika maisha yake hakuwahi kufanya mtihani mgumu kama ule.

"Basi nikaribishe, miguu inaniuma."

"Ingia. Na hilo dirisha liache wazi, tumejifungia vya kutosha."

Machi 2019 aligundulika ana maradhi ya figo. Aliyapokea kwa subira, ingawa wauguzi hawakumchoma sindano kabla ya kumweleza ndani yake mna nini. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Juni 2022, mkono wake mmoja ukiwa katika mkono wa mumewe, na wa pili katika mkono wa shoga yake.

Nani alisimama nje ya lile jiko jioni ile akasikiliza, hajajulikana mpaka leo. Marehemu alituachia neno juu yake: asitafutwe. Akija mazikoni, apewe kiti kama waombolezaji wengine, ila kiwe cha mbele, watu wamwone. Viti vya mbele, ndugu zangu, tumeviacha viwili: kimoja cha aliyesikiliza, kimoja cha yule mgeni wa viatu vya kung'aa.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja, shoga yake, na wanafunzi ambao hata leo ukiwaambia jambo watakuuliza mbona. Mwalimu wetu, pumzika kwa amani, mahali ambapo hapana haja ya kufunga dirisha.