Mitamba Wote kwa Mpigo Mmoja

Mgeni rasmi, karibu bandani. Angalia hapo mlangoni, sakafu imeoshwa asubuhi hii na bado inateleza. Sisi, wafanyakazi wa banda la mitamba, tumefurahi kukuona kuliko tunavyoweza kusema. Wageni huku ni adimu. Wakija shambani huishia chumba cha maziwa, na hatuwalaumu, kule kuna kahawa.

TULIKOTOKA

Zamani, kujua mtamba yuko kwenye joto, tayari kupandwa, ilikuwa kazi ya macho. Alfajiri na jioni tulisimama uani tukingoja nani atampanda mwenzake, na aliyewahi kuona alipiga kelele: "Haya, huyo kasimama! Mwiteni mhimilishaji na mbegu zake kabla joto halijapoa!" Bingwa wa kelele alikuwa mwenzetu tuliyembandika jina la Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzima. Mama mkamuaji, aliyekuwa akitusaidia kuangalia, alimjibu kutoka upande wa pili: "We Redio, umeona ng'ombe au umeota?" Tulicheka, tukagombana, tukachelewa kula. Na bado mitamba wengine walipitisha joto lao bila kuonekana.

MAFANIKIO

Kisha ikaja dawa. Kila mtamba huwekewa ukeni kifaa kidogo chenye homoni, kinachozuia joto lisije. Baada ya wiki hivi kinatolewa, anachomwa sindano, na siku chache baadaye wote wanaingia joto kwa pamoja. Mhimilishaji anakuja mara moja, anawapandikiza mbegu wote, anaondoka. Safari hii karibu wote wameshika mimba. Hilo ni la kujivunia, nasi tunajivunia.

CHANGAMOTO

Ofisi iliona kwamba macho hayahitajiki tena. Mama mkamuaji alihamishiwa chumba cha maziwa, wengine wakatawanywa. Redio aliondoka wa mwisho, akapelekwa ghala la malisho la shamba la pili kusimamia magunia. Magunia hayamjibu.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, ukisikia "sisi" katika risala hii, usigeuze shingo kutafuta wengine. Sisi ni huyu anayekusomea. Tumezoea kusema sisi. Tukisema mimi, banda linakuwa kubwa mno.

Kuna siku jua linazama hatujasema neno na binadamu. Tunaongea na mitamba. Wanasikiliza vizuri tu, huku wanatafuna. Upweke huu unauma, mgeni rasmi, na hatukujua pa kuusemea ila hapa.

Halafu kuna jambo ambalo hatukulifikiria, si sisi wala ofisi. Hawa waliopandikizwa pamoja watazaa pamoja, mwezi ujao, wote ndani ya wiki moja hivi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaa. Ndama akikaa vibaya, anatakiwa mtu wa kumtuliza mama na mtu wa kuvuta. Tukimshika huyu, yule wa kona ya pili atakufa na ndama wake tukimtazama.

MAOMBI

Tuliandika mengi, tukayafuta. Paa linavuja, lakini paa linaweza kungoja. Tunaomba Redio arudishwe, hata kwa wiki hiyo tu. Anajua kuvuta ndama bila kumuumiza mama. Tunaomba hivyo kwa ajili ya ndama, na tukisema kweli, si kwa ajili ya ndama tu.

Mungu akufikishe kwako salama, uwakute wanaokungoja. Na ukimruhusu mwenzetu, Mungu amfikishe huku na kelele zake zote.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Banda la Mitamba,
sote tuliosimama mbele yako.